Tabia Tulizorithi kwa Betri za Zamani

Mhadhara kwa wakulima wa majani chai, wahudumu wa bodaboda na mafundi wa simu, Litein, Kaunti ya Kericho

Najua majani hayangoji mtu, na karani wa kituo naye hangoji mtu, kwa hiyo nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Nimeombwa nizungumze juu ya betri za lithiamu: namna ya kuzichaji na kuzitunza ili zidumu, na ili zisituchomee nyumba. Watu wa huku hawakosi ujuzi wa betri. Wanao, tena mwingi, na ndio unaotuponza, kwa sababu tuliupata kwa betri za ukoo mwingine kabisa. Tukaja kuuhamishia huu ukoo mpya bila kuuliza kama unafaa.

Tuanze na ile betri ndogo. Jirani zetu wa Nakuru walikuwa na kiwanda cha Eveready tangu 1967 hadi kilipofungwa 2014, na sidhani kuna boma katika milima hii ambalo halikupitiwa na betri zake za tochi na redio. Redio ikianza kukwaruza katikati ya taarifa ya habari, mzee alizitoa betri akazianika juani, au akazisogeza karibu na mafiga zipate joto. Wengine waliziuma kwa meno mpaka zikabonyea. Msicheke, maana mbinu ya joto ilikuwa na ukweli ndani yake: joto huiamsha kidogo kemia iliyochoka ndani ya seli kavu, na mzee akapata nusu saa nyingine ya kusikiliza. Mtoto aliyeyaona hayo alikua akijua kwamba betri ikichoka, dawa yake ni joto.

Ya pili ilikuwa betri ya gari, ya risasi na asidi. Kabla stima haijapanda huku vijijini, mwenye televisheni alibeba betri yake kwa baiskeli au wilibaro hadi sokoni ikachajiwe, akalipa, akairudisha kwa uangalifu asidi isimwagikie suruali. Betri hiyo ina sharti lake. Ukiiacha tupu kwa wiki kadhaa, salfeti ya risasi inaganda juu ya sahani zake na kuing'oa ni kazi bure. Kwa hiyo ilitufundisha kujaza pomoni na kuweka ikiwa imejaa, na fundi aliyesifiwa alikuwa yule anayeiacha kwenye chaja mpaka iteme mapovu.

Ya tatu ilikuja na simu za mkononi za mwanzo na mashine za vinyozi. Hizo zilikuwa betri za nikeli, na baadhi yake zilikuwa na kasoro kwamba ukizichaji mara kwa mara zikiwa nusu, zinaanza kujifanya kana kwamba nusu hiyo ndiyo mwisho wake. Ndipo muuza simu akakuagiza: ukifika nyumbani ichaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha, halafu iache izime yenyewe ndipo uchaji tena. Nimesikia agizo hilo likitolewa juzijuzi katika duka la simu mjini Kericho, kwa herufi zilezile, juu ya simu ambayo betri yake haina undugu wowote na zile za nikeli.

Hizo ndizo tabia tatu tulizorithi: ipashe joto, ijaze pomoni, imalize kabisa. Betri ya lithiamu haipendi hata moja kati ya hizo.

Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoipeleka sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyoizaa. Lakini msidhani ni kitu cha ng'ambo tu. Sehemu kubwa ya kobalti iliyomo katika nyingi ya betri hizi inachimbwa Kolwezi, Kongo, ambako watu wanapatana bei kwa Kiswahili kama sisi, na chini ya ardhi ya Manono, katika mkoa wa Tanganyika, kuna hazina kubwa ya lithiamu yenyewe.

Ukiipasua betri yenyewe (nawasihi msiipasue) utakuta tabaka mbili ndefu na nyembamba zilizoviringwa pamoja. Moja ni ya shaba iliyopakwa grafiti, nyingine ni ya alumini iliyopakwa oksidi ya metali. Kati yake kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na vyote vimeloweshwa kwa kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Ukichaji, ioni za lithiamu zinatoka upande wa oksidi na kwenda kujipenyeza ndani ya grafiti. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka. Ni hivyo tu, kwenda na kurudi, mamia ya mara.

Sasa, grafiti ina nafasi zake na nafasi hizo zina kikomo. Kwa betri nyingi za simu, kikomo kwa kila seli ni volti 4.2, na za siku hizi zimesogezwa juu kidogo tu ya hapo. Ukiendelea kusukuma, ioni hukosa pa kuingia, zinaanza kujipaka juu ya grafiti kama metali tupu, na metali hiyo huota miiba inayoweza kutoboa ule utando. Wakati huohuo upande wa oksidi unaanza kulegea na kuachia oksijeni. Joto nalo linafika palepale kwa njia nyingine, kwa kuwa utando huo wa plastiki huanza kuyeyuka karibu nyuzi 130 za Selsiasi. Pande mbili zikikutana, seli inajipasha moto yenyewe, na moto wake una oksijeni yake ndani. Ndiyo maana kuufunika kwa blanketi hakuuzimi. Mambo mawili, basi, ndiyo ya kuogopwa: joto, na kujaza kupita kiasi. Kuimaliza kabisa kunakuja nyuma yake, nitawaeleza kwa nini.

Kwa habari ya joto, sisi tumebarikiwa. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake uko chini ya nyuzi 20. Kanuni ya jumla ambayo wahandisi huitumia ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, betri huzeeka kwa kasi inayokaribia maradufu. Simu mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, moja ikaishi Bomet na nyingine Mombasa, ya Bomet inapaswa kuwa na betri yenye afya zaidi baada ya miaka mitatu. Hali ya hewa iliyotupa majani chai imetupa pia betri zinazodumu.

Baraka hiyo tunaimwaga wenyewe. Tunaimwaga jikoni, pale simu inapowekwa kwenye ukingo wa dirisha juu ya jiko la kuni ili isipate unyevu. Tunaimwaga juu ya mabati, na hapo nataka kukaa kidogo, kwa maana nimeona jambo hilo kuanzia Mogogosiek hadi Sotik. Mtu ana paneli ndogo ya sola na waya mfupi. Anaiweka paneli juu ya paa, na kwa sababu waya haufiki ndani, simu nayo inalala palepale kwenye bati. Huku kwetu hewa ni baridi, lakini jua la saa sita linapochoma bati, bati hilo linaweza kupita nyuzi 60, na simu ikiwa inachajiwa inaongeza joto lake mwenyewe. Betri nyingi za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa zimezidi nyuzi 45. Simu nzuri itakataa na kuandika onyo kwenye kioo. Tochi ya shilingi mia tatu haina akili hiyo, itaendelea kupokea umeme mpaka mwisho. Nunua waya mrefu. Paneli ikae juani, kifaa kikae kivulini ndani ya nyumba, basi.

Kuhusu baridi nitapita haraka. Betri hizi hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, na katika mabonde yetu umande wa barafu huja mara mojamoja na kuunguza majani. Aliyeacha taa yake nje usiku wa namna hiyo aiingize ndani ipate joto la chumba kabla ya kuichaji. Joto la chumba, si la mafiga.

Unyevu una maneno zaidi. Mchumaji huvaa aproni ya plastiki, simu iko mfukoni chini yake pamoja na jasho, mvua ya alasiri inashuka, jioni anafika nyumbani na kitu cha kwanza ni kuchomeka chaja. Tundu la chaja lenye maji linapitisha umeme pasipotakiwa, linaliwa na kutu ya kijani, na likishaliwa hugusana vibaya na kupata moto. Futa simu, ikung'ute tundu likiangalia chini, iache mahali penye upepo, ndipo uchaji baadaye. Iliyozama mtoni ni habari nyingine kabisa: izime, usiichaji, mpelekee fundi, na usithubutu kuianika karibu na moto kama betri ya redio ya babu.

Ngurumo mnazijua kuliko mimi. Radi ikianza, chomoa chaja kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Stima inapopotea na kurudi, kama ilivyopotea nchi nzima Agosti 2023 na tena Novemba na Desemba mwaka huohuo, mara nyingi hurudi kwa kishindo, na chaja hafifu ndiyo inayopokea kishindo hicho. Chaja kazi yake ni kutenganisha volti 240 za ukutani na volti 5 za simu yako. Ile ya bei ya peremende imetenganisha kwa nafasi ndogo mno, na ikishindwa, anayegusa simu amegusa ukuta.

Sasa nirudi kwenye kujaza. Watu wameanza kuhubiriana kwamba lazima chaji isipite asilimia 80 wala isishuke chini ya 20. Ni kweli betri huzeeka polepole zaidi ikikaa katikati, na simu nyingi mpya zina mahali pa kuziamuru zikome kwenye 80 au 85. Ukiweza, fanya hivyo. Lakini simhimizi mtu awe mtumwa wa asilimia. Mama aliye na soketi moja na watoto wanne hawezi kukesha akitazama namba. Kinachoua betri upesi ni kukaa imejaa huku ina joto, saa nyingi, kila siku. Simu iliyojaa na kulala juu ya meza ya mbao usiku wa Kericho haina shida kubwa, simu yenyewe hukata chaji ikijaa. Simu hiyohiyo ikifunikwa chini ya mto, na blanketi juu yake, imepikwa. Kama ungependa kufuata sheria moja tu niliyoileta leo, basi iwe ni kwamba hakuna kinachochajiwa kitandani.

Na ile ya kuacha izime kabisa? Simu ikizima yenyewe bado imebakiza akiba, hivyo kuzima mara moja hakuiui. Shida ni kuiacha imezima miezi mitatu ndani ya sanduku. Akiba inavuja polepole, volti ya seli inashuka chini ya mahali pake pa usalama, na shaba iliyo ndani inaanza kuyeyuka. Siku utakapoichaji, shaba hiyo inarudi kuganda mahali pasipo pake na kujenga daraja kati ya pande mbili. Kifaa kisichotumika kiwekwe kikiwa karibu nusu, kikaguliwe kila baada ya miezi michache. Hapa ndipo somo la betri ya gari linapotudanganya zaidi, kwa sababu ile ilitaka kuwekwa imejaa.

Mafundi, sasa ni zamu yenu, na nitataja hesabu.

Nyumba nyingi zilizofungiwa sola zamani zina kontrola iliyopangwa kwa betri ya risasi. Inasukuma hadi volti 14.4, na nyingine hupanda zaidi ya hapo kwa muda ili kusafisha sahani. Betri ya risasi ikifa, mwenye nyumba ananunua betri iliyoandikwa "lithiamu, 12V", au kijana mwenye vipaji anamuundia moja kwa seli alizozitoa kwenye kompyuta kuukuu. Seli tatu za aina hiyo zikiunganishwa kwa mfululizo zimejaa zikifika volti 12.6. Gawanya 14.4 kwa tatu. Kila seli inalazimishwa kwenda 4.8, nayo mwisho wake ni 4.2. Nyumba ikishika moto baada ya hapo, majirani watasema ni sola, au watasema mengine nisiyotaka kuyarudia ukumbini.

Kuna lithiamu ya aina nyingine, ya fosfeti ya chuma, ambayo kwenye kasha huandikwa LiFePO4 au LFP. Seli yake moja ni volti 3.2 na hujaa kwenye 3.65. Nne zikiunganishwa, ile 14.4 inagawanyika kuwa 3.6 kwa kila seli, na kila kitu kiko salama, mradi kontrola isipande zaidi ya hapo. Tena fosfeti huishikilia oksijeni yake kwa nguvu zaidi, kwa hiyo aina hii ni ngumu kuishawishi iwake. Taa nyingi nzuri za sola zinaitumia, na kwa nyumba ya mabati na mbao ningechagua hiyo bila kusita, hata kama ni nzito na ghali kidogo. Betri mbili zina maandishi yaleyale ya 12V, zimefungwa kwenye kontrola ileile, moja itakaa miaka kumi na nyingine itaunguza dari. Soma maandishi madogo, fundi. Yakikosekana, rudisha betri dukani.

Halafu kuna ile bodi ndogo mnayoiita BMS. Kazi yake ni kukata umeme seli ikijaa, ikiisha au ikipata joto. Mteja analalamika kwamba betri inajikata, fundi anafungua, anaunganisha waya kuiruka bodi, betri "imepona", mteja anafurahi na kulipa. Sina neno la adabu kwa kazi hiyo. Bodi ilikuwa inawaambia kuna seli iliyokufa, nanyi mkamziba mdomo shahidi.

Pesa ya bonasi ya majani chai ikiingia, wauzaji nao huingia. Utaona sokoni pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000 au hata mAh 50,000, na seli za tochi, zile za duara zinazoitwa 18650 kwa kuwa zina upana wa milimita 18 na urefu wa 65, zikiwa zimeandikwa 9,900. Hakuna seli ya ukubwa huo duniani yenye 9,900. Zilizo bora kabisa ziko karibu 3,500. Anayekuandikia 9,900 amekudanganya mara tatu, na aliyekudanganya kwenye namba hakuwa mkweli kwenye utando.

Mwanamume mmoja aliniuliza atajuaje, yeye si mhandisi. Nikamjibu kwamba watu wa majani chai hawahitaji mhandisi kwa jambo hili, kwa kuwa hakuna watu katika Kenya wanaoijua mizani kama ninyi. Kilo moja ikikatwa kituoni mnaijua kabla karani hajaandika. Basi pimeni. Seli halali ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi. Pawabenki ya 20,000 inahitaji seli za aina hiyo sita au saba, yaani gramu 300 za seli peke yake, kabla ya kasha na bodi. Ukiishika ikawa nyepesi kama kasha la miwani, ndani hamna kitu, na ikiwa nzito lakini inachaji simu mara moja tu ndipo iishe, huenda uzito ni wa mchanga. Wapo waliokuta mchanga.

Kwa taa na mifumo ya sola ya nyumbani kuna msaada zaidi. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia ulianza kazi Kenya mwaka 2009, ukaleta upimaji wa taa kimaabara, betri na ulinzi wake vikiwemo, na kampuni za kulipa mdogomdogo kama M-KOPA, iliyoanza kuuza mwaka 2012, zilikua katika soko hilo. Taa iliyopimwa yenye dhamana inagharimu zaidi ya ile ya kutandazwa chini siku ya soko. Walioishi na koroboi wanajua gharama ya taa mbaya.

Betri ikivimba, maisha yake yameisha. Kifuniko cha simu kinainuka, kioo kinaachana na fremu, pawabenki inakuwa na tumbo. Hiyo ni gesi, inayotokana na kile kimiminika kuvunjikavunjika. Kila mama hapa anajua sotet, kile kibuyu cha maziwa ya mursik, iliyozibwa sana ikakaa siku nyingi: ukikifungua kifuniko, pumzi yake inakutangulia. Tofauti ni kwamba pumzi ya betri inawaka. Usiitoboe ili "itoe hewa", kama nilivyoona ikifanywa kwa sindano. Usiikandamize kwa mpira ili kifuniko kifunge. Usiichaji tena hata dakika tano ili utoe namba zako. Itoe kwenye kifaa kama inatoka kwa urahisi, iweke ndani ya sufuria kuukuu au ndoo ya bati yenye mchanga, nje, mbali na nyasi kavu na mbali na ukuta wa mbao.

Ikianza kufoka, kutoa harufu tamu kali au kutoa moshi mweupe, watu kwanza. Moshi huo una sumu inayochoma mapafu, usiinamie kuangalia. Kama unaweza kuifikia swichi kubwa bila kupita kwenye moshi, kata stima. Kisha, kwa kitu kidogo kama simu au tochi, mimina maji, mengi, na uendelee kumimina. Najua tumefundishwa kwamba maji na umeme haviendani, na ndiyo maana stima inakatwa kwanza. Najua pia mtu aliyesoma kemia atasema lithiamu hulipuka majini. Metali tupu ya lithiamu ndiyo huchemka majini. Ndani ya betri ya simu ipo kama ioni, na maji yanatakiwa kwa sababu ndiyo yanayopooza. Seli iliyozimika inaweza kuwaka tena baada ya nusu saa seli jirani ikipata joto, kwa hiyo isirudishwe ndani usiku huo.

Kitu kikubwa kuliko hapo, toka na ufunge mlango nyuma yako. Nasema hivyo nikifikiria pikipiki.

Bodaboda za umeme zinakuja huku, mpende msipende. Kigali kampuni ya Ampersand ilianza kuziendesha kibiashara mwaka 2019, sasa ziko Nairobi na miji mingine ya Kenya, na mhudumu anayekokotoa bei ya petroli kila asubuhi hahitaji kuhubiriwa. Betri ya simu ina wati-saa 19 hivi. Ya pikipiki ina maelfu. Ukiichaji nyumbani umelala na zaidi ya simu mia moja katika chumba kimoja.

Mji wa New York umeshalipia somo hili. Waendesha baiskeli za umeme wa kule, wanaopeleka vyakula, wengi wao wahamiaji wa kipato kidogo, walikuwa wakichaji vyumbani na kwenye korido kwa chaja za kuokotezwa. Mwaka 2023 peke yake mioto ya betri za lithiamu iliua watu 18 katika mji huo, na mwaka huohuo sheria ikapiga marufuku kuuza baiskeli na betri zisizopimwa. Katika baadhi ya vifo hivyo jambo moja lilijirudia: betri ilikuwa kati ya watu na mlango.

Sasa fikirieni nyumba za kambi za wafanyakazi katika mashamba makubwa. Chumba kimoja au viwili, mlango mmoja, soketi moja, ekstensheni yenye vichwa sita. Pikipiki itawekwa wapi? Mlangoni, isiibiwe. Ndiyo maana napendelea ule mfumo wa kubadilishana betri, ambapo mhudumu anaacha iliyoisha kituoni na kuchukua iliyojaa, na kazi ya kuchaji inabaki kwa kampuni yenye vifaa vya kuilinda. Mahali mfumo huo haujafika, wenye kambi na vyama vya wahudumu wajenge kibanda cha kuchajia, cha mawe, chenye upepo, mbali na nyumba za kulala. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mazishi, na nalisema hili kwa viongozi wa vyama walioketi mstari wa mbele.

Vijana mnaokwenda kutafuta kazi Ghuba, mjue pia kwamba pawabenki haiendi kwenye mzigo wa chini ya ndege, inakaa na wewe, na yenye zaidi ya wati-saa 100 inahitaji kibali. Tangu Oktoba 2025 shirika la Emirates limekataza kuitumia ndani ya ndege kabisa. Hawana woga wa bure. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliondoka Dubai ikiwa na shehena ya betri za lithiamu, ikashika moto angani, na marubani wote wawili wakafa.

Kabla sijakaa, akina mama, ile betri ya kidonge. Iko kwenye rimoti, kwenye saa, kwenye midoli inayoimba. Nyingi ya hizi ni za lithiamu tupu na hazichajiwi kamwe. Mojawapo kubwa, iliyoandikwa CR2032, ina upana wa milimita 20, na ndiyo inayokwama kwenye umio wa mtoto mdogo. Ikikwama, umeme wake unageuza mate kuwa dawa kali inayochoma nyama, na ndani ya saa mbili madhara makubwa yameanza. Mtoto anaweza kuonekana mzima, anakohoa kidogo, anakataa chakula. Usimtapishe, usingoje asubuhi, usimpeleke kwanza kwa jirani mwenye uzoefu. Nenda hospitali ukitaje kidonge hicho kwa jina, apigwe picha. Tenwek pale Bomet wana uzoefu wa miaka mingi wa magonjwa ya umio, na wakazi wa kaunti hizi mbili wanaijua njia ya kufika huko.

Zilizokufa zinatupwa wapi? Chooni hapana, maana maji ya visima vyetu hayako mbali. Kwenye jaa linalochomwa jioni hapana kabisa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imemwekea aliyeleta bidhaa sokoni jukumu la kuipokea ikifa, kwa hiyo unapomrudishia muuzaji betri iliyovimba humwombi fadhila. Akikataa, mwache akatae kwa maandishi, upeleke karatasi hiyo kwenye ofisi ya mazingira ya kaunti. Wakati huo weka utepe wa plastiki kwenye ncha zake, chanya na hasi, zisigusane na msumari au sarafu ndani ya mfuko. Mafundi, ninyi mnazo nyingi kuliko sisi sote, kwenye makopo chini ya meza, zimechanganyika na waya na misumari. Nikimaliza hapa nitapita madukani mwenu kununua utepe, na nitatazama chini ya meza.